Kamati ya Vimbweta

Chuo cha wanyama kilianza chini ya mwembe. Wakati huo kilima hakikuwa na jengo hata moja, na waliotaka elimu walipanda kutoka bondeni alfajiri wakamkuta Mwalimu Kobe ameshafika, maana Kobe akiwa na pindi la saa mbili asubuhi huanza safari tangu jana yake. Majengo yalikuja baadaye: bweni, maktaba, ofisi ya Mkuu wa Chuo, ukumbi wa milango sita. Hata hivyo mwembe ulibaki kuwa darasa linalopendwa kuliko yote, na yeyote aliyesoma katika ukanda wa pwani hahitaji kuelezwa sababu. Saa saba mchana, mwezi wa Februari, hewa ya ukumbini husimama na macho ya wanafunzi hufumba yenyewe. Nje, chini ya mwembe mkubwa, upepo wa kaskazi unapita na somo linaeleweka.

Darasa hilo lilikuwa na tabia ambayo wageni hawakuigundua upesi. Lilihama. Asubuhi kivuli kiko magharibi ya shina, alasiri kiko mashariki, na wanafunzi walikifuata bila kuambiwa. Lilihama pia kwa miezi. Kilima chenyewe kiko latitudo moja na Dar es Salaam, nyuzi 6 na dakika 48 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini na kivuli hulala kusini. Baada ya Oktoba mambo hugeuka, jua likaenda kusini na kivuli kikaja kaskazini. Kobe alikuwa amekaa hapo miaka mingi kiasi cha kulijua jambo hili kwa gamba lake. Juni alifundishia kusini ya shina, Desemba akafundishia kaskazini, na wanafunzi walimzunguka nusu duara, wadogo mbele, warefu nyuma, kila mmoja akimwona mwalimu na kumsikia.

Kasoro zilikuwepo, na haifai kuzificha. Wakati wa masika udongo ulilowa, na aliyekaa chini alirudi bwenini na tope hadi mkiani. Kuandika nako kulikuwa kwa tabu, daftari juu ya goti na upepo ukifunua kurasa. Basi wanafunzi wakaamua kumwandikia Mkuu wa Chuo, Mzee Nyati. Paa ndiye aliyeshika kalamu, na barua ilikuwa ya mistari miwili: "Tunaomba kitu cha kukalia ardhi inapolowa. Tunaomba kitu cha kuandikia." Wote walitia saini. Kindi, ambaye kalamu ilimzidi uzito, alipiga chapa ya unyayo.

Mzee Nyati aliisoma barua akafurahi. Alikuwa mkuu mpole, mwenye kuwatakia wanafunzi mema, na siku hiyo hiyo akaunda kamati.

Mwenyekiti alikuwa Kiboko, kwa sababu ya ukubwa wa jina lake. Twiga aliingizwa kwa kuwa anaona mbali, Kanga kwa kuwa anajua mapambo, Nyani kwa kuwa ni fundi, na Kasuku akawa Katibu. Vikao vilifanyika mtoni, kwani Mwenyekiti hawezi kutoka majini mchana, na posho ya kila kikao ilikuwa bunda moja la majani mabichi. Hekaya nyingi za namna hii humtafuta mwizi. Hapa hapakuwa na mwizi. Hakuna tofali lililopotea wala mfuko wa saruji uliouzwa njiani, na kila mjumbe alitamani kwa dhati kuwaachia vijana kitu cha maana. Ila wajumbe wote watano walifanana kwa jambo moja: hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa chini ya mwembe ule saa sita mchana akisikiliza somo. Kiboko mchana yumo majini. Twiga akifika mwembeni kichwa chake kimo ndani ya majani. Kanga hupita na kwenda zake, Kasuku alipata elimu yake ndani ya nyumba, na Nyani alikuwa mgeni kutoka bara.

Mwezi wa Desemba akafika Kozi, yule mwenye miguu myekundu anayezaliwa Siberia na kaskazini ya China, akapumzika India, kisha akavuka Bahari ya Hindi kwa msaada wa upepo ili kutumia miezi ya joto huku kwetu na kusini zaidi. Kamati ikamwalika, kwa kuwa ameona vyuo vingi.

"Bengal kuna mahali paitwapo Santiniketan," alisema Kozi. "Rabindranath Tagore alianzisha shule pale mwaka 1901, masomo yakawa chini ya miti. Mwaka 1921 kikaongezeka chuo, Visva-Bharati. Mpaka leo yapo madarasa yanayofanyika nje, wanafunzi wamekaa chini wakimzunguka mwalimu. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza Santiniketan katika orodha ya Urithi wa Dunia."

"Na chini ya miti hiyo wamejenga nini?" akauliza Kiboko.

"Kidogo sana, Mheshimiwa. Pengine kiti kifupi cha mwalimu. Wanafunzi huja na vikalio vyao vya kutandika."

Katibu akaandika katika muhtasari: "Urithi wa Dunia."

Kikao kilichofuata akaitwa Tumbili, jamaa wa wale tumbili wanaoishi katika kampasi ya Mlimani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukoo wake umekijua chuo hicho tangu kilipopanda kilimani mwaka 1964, miaka mitatu baada ya kuanza na wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Alieleza habari za vimbweta, yale mabenchi ya zege yaliyozunguka meza ya zege. "Siku za mitihani hupati nafasi," alisema. "Kila kimbweta kina kundi lake. Wanapiga msuli, wanagawana desa, mmoja anaeleza na wengine wanambishia hadi giza linaingia. Na uzuri wake, Mheshimiwa, ni vidogo, vimetawanyika. Jua likikufukuza hapa unahamia pale. Ukitaka kubishana kwa sauti unakwenda mbali na anayetaka kimya."

Katibu akaandika: "Zege."

Huwa nafikiri kwamba kazi nzima iliharibika katika mistari hiyo miwili ya Kasuku, kabla jembe halijagusa ardhi. Wageni wawili walikuwa wamesema jambo lile lile, kwamba darasa la nje humwachia mwanafunzi uhuru wa kukifuata kivuli. Kamati ilichukua sifa ya mmoja na saruji ya mwingine. Baada ya miezi saba ya vikao mchoro ukapitishwa: kimbweta kimoja kikubwa kuliko vyote vya pwani, nusu duara ya safu tatu za zege, jukwaa la mwalimu lenye ngazi tatu, na ukuta mfupi nyuma wenye nembo ya chuo. Urefu wa benchi ungekuwa sentimita 45 na wa meza sentimita 75, vipimo vya binadamu aliyekaa vizuri, na Kanga akapendekeza madoa meupe.

Mwezi wa Julai, saa nne asubuhi, siku yenye kusi la kupendeza, Nyani alipanda kilimani na kamba na vigingi. Alikuta kivuli kimelala kusini-magharibi ya shina, kizito, cha kuvutia. Akapiga vigingi pembeni ya kivuli kile, akafunga kamba, akashuka. Kobe alikuwa anapita. Alisimama akaitazama kamba kwa muda.

"Mwanangu Nyani, hicho ni kivuli cha Julai."

"Naam, Mwalimu. Na tuko Julai."

Kwenye kikao cha mwisho kabla ya ujenzi alikuja Fuko. Alisubiri ajenda zote zipite, kwa sababu hakuwa mjumbe, na nafasi yake ilikuwa kwenye Mengineyo.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Marahaba, kijana. Sema kwa kifupi, jua linapanda."

"Ni habari ya msingi. Mwembe unakula kwa mizizi midogo iliyo karibu na uso wa ardhi. Sehemu kubwa ya mizizi hiyo iko ndani ya sentimita 60 za juu, na inaenea kupita mwisho wa matawi. Msingi mliouchora, safu zote tatu, unapita katikati ya chakula chake."

"Mti mkubwa vile mizizi yake iko chini kabisa," akasema Nyani. "Ulivyo juu ndivyo ulivyo chini. Hilo kila fundi analijua."

"Kaka Nyani, mimi naishi huko."

Palikuwa na kimya kidogo. Kisha Mwenyekiti akamshukuru Fuko kwa mchango wake, na Katibu akaandika: "Maoni ya Fuko yalipokelewa." Kwa kuwa alionyesha kuijua ardhi, Fuko akapewa kazi ya kuchimba msingi.

Alichimba. Angekataa, angeletwa mwingine, na yeye aliamini kwamba angalau angepitisha makucha yake kwa huruma. Siku ya pili alikutana na mzizi mnene kama mkono wa Nyani, umepita sawasawa chini ya kamba. Aliufukua pande zote mbili, akauacha unaning'inia mtaroni, akaenda kumwita fundi aone. Nyani aliinama, akaugusa, akakiri kwamba ni mzizi. Kisha akatazama kamba. Kusogeza kamba kungeharibu nusu duara, na nusu duara ilikuwa imeshapitishwa. Panga likaja. Pale lilipopita palitoka utomvu mwembamba, mtaro wote ukanuka embe bichi, na Fuko akaendelea kuchimba huku vumbi likishikamana na utomvu ule kwenye vidole vyake. Jioni alipanga vipande vya mizizi pembeni, vikubwa kwa vidogo. Rundo lilimzidi yeye mwenyewe kwa kimo. Asubuhi lilikuwa limechukuliwa kwenda jikoni kuwa kuni.

Zege likamwagwa, sehemu moja ya saruji kwa mbili za mchanga kwa nne za kokoto, na hapo Nyani hakukosea. Zege changa hutakiwa kumwagiliwa maji siku saba kwa uchache, na nguvu zake hupimwa siku ya 28. Lakini Simba alikuwa akipita eneo lile mapema kuliko ratiba, naye ndiye mgeni rasmi, basi maji yakasimamishwa siku ya tatu ili rangi ipate kukauka. Nyufa za kwanza, nyembamba, zilifichwa na madoa ya Kanga.

Siku ya ufunguzi ilifana. Utepe ulikatwa, Kasuku alisoma risala, na mgeni rasmi akaomba aone darasa likiendelea. Mwalimu Kobe akaitwa jukwaani. Jukwaa lilikuwa na ngazi tatu za sentimita 15 kila moja. Kobe alifika chini ya ngazi ya kwanza, akainua mguu, akaushusha. Akajaribu upande wa pili. Umati ulinyamaza kwa heshima, na katika ukimya ule kila mmoja alisikia gamba likigonga zege.

"Ingekuwa mteremko, ningepanda," alisema Kobe bila hasira.

Nyani alipiga hesabu papo hapo kwa sauti ya chini. Mteremko salama hupanda sentimita moja kwa kila 12, kwa hiyo jukwaa la sentimita 45 lingehitaji njia ya mita 5.4, na mita 5.4 hazikuwepo kwenye mchoro. Mwenyekiti akatangaza kwamba suala hilo limo katika awamu ya pili. Kasuku akapanda jukwaani akatoa somo mwenyewe, akiurudia ule ufunguzi wa risala, na wageni wakapiga makofi.

Tangu siku ile Kobe alifundishia chini, mbele ya jukwaa lake. Hapo likajitokeza jambo ambalo Popo, mhadhiri wa somo la sauti, angeweza kuiambia kamati mapema kama wangemwuliza. Nje hakuna dari wala kuta za kuirudisha sauti. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua takriban desibeli 6. Aliye mita 4 kutoka kwa mwalimu na aliye mita 8 hawasikii somo moja, na safu ya tatu ilikuwa mita 12. Walioketi huko walimwona Kobe akifungua mdomo, wakasikia kunguru. Katika nusu duara ya zamani hapakuwa na safu ya tatu, kwa kuwa aliyekosa kusikia alijongea.

Desemba ikaingia. Jua likahamia kusini, kivuli kikahama kama kilivyohama kila mwaka tangu mwembe uote, na safu mbili za zege zikabaki juani tangu saa tatu hadi jioni. Zege hunywa joto polepole na kulitoa polepole, kwa hiyo hata wingu likipita benchi haliachi kuwaka. Paa alitandika majani ya mgomba, yakakauka chini yake kabla pindi halijaisha. Kindi alikuwa na shida ya peke yake tangu mwanzo. Benchi la sentimita 45 alilipanda kwa kuruka, na akishakaa, meza ilikuwa juu ya kichwa chake, kwa hiyo aliandikia kwenye paja kama zamani, tofauti ikiwa tu kwamba sasa paja lilikuwa linaungua.

Wiki ya pili ya Desemba wanafunzi wote walikuwa wamerudi upande wa kaskazini ya shina, chini kwenye udongo. Hawakugoma wala kupanga. Mmoja alisogea, wa pili akamfuata, na Kobe, aliyekuwa ameshasogea kabla yao, akaendelea na somo.

Habari zikafika mtoni kwamba kimbweta kimesuswa. Kamati iliumia, na naielewa: walikuwa wametoa jasho lao na muda wao. Wakaamua tatizo ni nidhamu. Mbweha akawekwa mlinzi, na mahudhurio yakaanza kuhesabiwa kwa waliokaa kwenye zege peke yao. Basi kila asubuhi wanafunzi wakakaa juani dakika chache, majina yakaandikwa, kisha wakaenda kusoma. Takwimu zilizofika kwa Mzee Nyati zilionyesha kimbweta kinajaa. Kozi alipita tena mwaka ule, akakizunguka kilima mara moja, akauliza vile vikalio vya kutandika viko wapi. Hakupata wa kumjibu.

Kwa kuwa kulikuwa na malalamiko ya jua, ikapitishwa kwamba lijengwe paa. Nguzo nane zikasimikwa, kila moja na shimo lake, na kila shimo na mizizi yake. Fedha ziliishia kwenye nguzo.

Mwaka uliofuata, kuanzia Juni, mwembe ulitoa maua kuliko wakati wowote. Ulifunikwa, kutoka tawi la chini hadi kileleni, na ilipofika Novemba embe zilikuwa nyingi hadi matawi yakainama. Zilikuwa ndogo, lakini nyingi. Kasuku aliandika taarifa ndefu juu ya mafanikio ya mradi, akaieleza mavuno yale kuwa ushahidi kwamba ujenzi na mazingira vimepatana. Wakulima wa embe wanalijua jambo ambalo halikuwemo katika taarifa hiyo. Mwembe ukikatwa mizizi au ukibanwa kiu, mara nyingi hukimbilia kuzaa, ukitumia akiba iliyobaki mwilini mwake. Fuko alikula embe moja ya mwaka ule, akaacha nusu.

Aliyelileta neno mezani alikuwa Twiga. Hakuwa mzungumzaji, na katika vikao vyote vya miaka ile alikuwa ameunga mkono hoja tu. Lakini mwezi wa Februari alisimama ukingoni mwa mto kabla ajenda hazijasomwa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nakula kule juu. Wengine wote mnautazama mwembe kutoka chini, na kutoka chini bado ni wa kijani. Kileleni hakuna majani. Matawi matatu yamekauka hadi ncha, na la nne limeanza. Nimekuwa nikishuka kidogo kidogo kutafuta chakula na sikuwaambia, kwa sababu nilidhani ni msimu. Si msimu. Mti unakufa kuanzia juu."

Kanga aliuliza kama tawi kavu linaweza kupakwa rangi. Hakuna aliyecheka, alikuwa anasaidia kwa kile anachokijua.

Kiboko alikaa kimya muda mrefu, pua na macho tu juu ya maji. Kisha akatoa amri ambayo Katibu aliomba airudie: kikao kiahirishwe, wajumbe wote wapande kilimani, wakae kwenye kimbweta, wasikilize pindi moja la Mwalimu Kobe tangu mwanzo hadi mwisho. Saa nane mchana.

Kupanda kwake peke yake kulikuwa tukio. Kiboko akikaa nje ya maji juani hupoteza maji haraka na ngozi yake hupasuka, ndiyo maana mwili wake hutoa yale majimaji mekundu ya kuikinga. Alifika yameshaanza kumtoka begani. Akakaa safu ya pili, katikati, mahali pa heshima. Nyani akakaa kulia kwake, Kasuku kushoto. Kobe aliwasalimu, akaanza somo la siku hiyo, lililohusu pepo za msimu, akiwa pale pale alipostahili kuwa mwezi wa Februari saa nane, yaani mashariki ya shina, kivulini, na wanafunzi wake wamemzunguka. Wajumbe walikuwa upande wa pili, juani, wamegeukia jukwaa tupu.

Kiboko alijitahidi. Benchi lilimwunguza, jasho jekundu likashuka hadi kwenye zege, na alipotega sikio alisikia neno moja katika matano. Baada ya muda aliinuka. Mbweha, kwa mazoea ya kazi, alimwambia kwamba akiondoka jina lake halitahesabiwa.

"Usilihesabu, kijana," alisema Kiboko, akavuka upande wa pili wa shina. Wanafunzi walijongea kumpa nafasi, na ilibidi wajongee sana. Akalala tumbo chini kwenye udongo wenye ubaridi, akasikiliza hadi mwisho, na mara mbili akauliza swali.

Pindi lilipoisha aliwaambia: "Wanangu, hebu semeni. Mlikuwa mnataka nini?"

Paa alitazamana na wenzake. "Tuliandika barua, Mheshimiwa."

Barua ilitafutwa ofisini, ikapatikana chini kabisa ya jalada, chini ya michoro na mihtasari, ikiwa na ile chapa ya unyayo. Kiboko aliisoma kwa sauti. Haikumchukua muda.

Kilichofuata kilikuwa kikao cha kwanza cha kamati kufanyika chini ya mwembe, na Fuko alizungumza mwanzoni. Nyani, ambaye alikuwa amenyamaza tangu aliposhuka kwenye benchi, alisema yuko tayari kung'oa msingi wote usiku huo huo. Fuko akamzuia. Kuung'oa kungekata na mizizi mipya iliyojaribu kujipenyeza kandokando yake. Alitaka zege la juu livunjwe kwa nyundo ya mkono, kifusi kibebwe mgongoni pasipo mkokoteni wa kushindilia ardhi, na msingi uachwe ulipo. Juu yake litandazwe tandazo la majani makavu, kina cha sentimita 5 hadi 10, lisiguse shina. Maji yawe yanaletwa kiangazi chote, ya kulowesha hasa, na yamwagwe huku nje matawi yanakoishia, maana ndiko midomo ya mti iliko.

"Utapona?" akauliza Twiga.

"Sijui, mzee. Mizizi iliyobaki ni mizima. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi."

Kobe aliomba kitu kimoja. Kwa mwaka mzima, kila tarehe 21 ya mwezi, saa tatu, saa sita na saa tisa, kipigwe kigingi pale kivuli kinapoishia, na kabla ya mwaka kwisha pasijengwe chochote kisichobebeka. Kwa sasa magogo ya minazi iliyoanguka yapasuliwe katikati, yawekwe juu ya mawe. Mchwa wangeyala baada ya misimu michache, na yangeletwa mengine. Zege, kama lazima liwepo, likae mashariki ya maktaba, ambako hakuna mizizi na ambako jengo lenyewe hutoa kivuli cha alasiri mwaka mzima. Na viwe vimbweta vya watu wanne watano, kama vile vya Mlimani, kimoja hapa kingine pale, kila kimoja na upande mmoja usio na benchi ili asiyeweza kupanda naye aifikie meza.

"Mwaka mzima wa kupima kivuli?" Kasuku aliuliza, kalamu ikiwa hewani.

"Tulikaa miezi saba mtoni, Katibu," alisema Kiboko. "Andika."

Kasuku akaandika yote, na alipomaliza akamsomea Kobe kila mstari kuhakikisha amesikia vizuri.

Wajumbe walikuwa wameanza kuinuka Kindi aliponyoosha mkono. Alisema gogo la mnazi lililopasuliwa, likiwekwa juu ya jiwe, bado litamzidi kimo, na kwamba hata Digidigi hatafika chini kwa miguu. Nyani aliitoa futi kamba mkobani, akapiga goti moja ardhini.

"Njoo hapa, mdogo wangu. Simama wima."

Akampima kutoka unyayo hadi nyuma ya goti, akamwambia Katibu andike sentimita tano, kisha akamwita Digidigi, na nyuma ya Digidigi darasa zima likapanga foleni.